Boti Iliyokosea Njia

Farida, wewe uliyekalia kiti changu, uliniambia niandike. Ukasema, "Bi Mwanakombo, andika kama unavyosema." Basi usije ukalalamika, maana mimi nikisema huanzia Wete nikaishia Wembley, na skuli niliiacha darasa la tano, kwa hivyo nukta naiweka pale pumzi inapokatika. Nyinyi wengine mliobaki hapo ofisini someni pia. Mambo ya nani alipandishwa cheo hamtayakuta humu. Hayo hata yakitokea hayana ladha ya kuhadithia.

Kazi yetu wenyewe wanaiita transfa. Mtu ashuke kwenye ndege, afike hotelini kwake, bila kuuliza njia na bila kubeba kitu. Ndiyo hiyo tu. Nikiwaeleza watu wa mtaa wangu wa Edmonton kwenye basi huniuliza, "Yaani unaendesha teksi?" Siendeshi. Hata baiskeli sijui. Mimi nilikuwa nakaa juu ya mkahawa wa Edgware Road, London, kunanukia nyama ya kuchoma tangu asubuhi, nasema na simu mpaka sikio linakuwa jekundu, na huko mbali mtu anafika.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na ndoo. Nilikuwa msafishaji. Bwana Nabil, Mlebanoni mwenye ofisi, aliniambia nisiguse simu, akateremka chini kunywa kahawa yake. Simu ikalia. Ikalia tena. Ikalia mpaka nikaona aibu kuiacha, kama mtoto anayelia mbele yako nawe unafagia. Nikaipokea. Upande wa pili mwanamke mtu mzima, anasema Kiarabu cha Oman, mimi sikielewi. Nikamsikia anamwambia mwenzake pembeni, kwa Kiswahili safi, "Huyu naye wamemweka wa nini, hajui kitu."

Nikamwambia, "Najua, bibi. Sema."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe wa wapi?"

"Wa Wete."

"Wete upande gani?"

Basi tena. Bwana Nabil aliporudi alinikuta nimekaa kwenye kiti chake, kitambaa cha vumbi begani, nazungumza na Muscat kama nazungumza na jirani. Alisimama akasikiliza asielewe hata neno. Nilipoweka simu nikampa ndege gani, wako wangapi, nani ana mimba, na nani akinusa petroli hutapika. Akaniangalia. "Kesho," akasema, "usije na ndoo."

Alinifundisha kazi kwa miguu, siyo kwa karatasi. Alinichukua uwanja wa ndege, akanisimamisha penye kizuizi wanapotokea wageni, na yeye akasimama nyuma yangu. Akanambia nisitazame nyuso, nitazame mikono. Mtu aliyechoka uso wake hudanganya, huuvuta ukawa mzuri kwa ajili ya wanaompokea, lakini mkono hauwezi. Mwenye wasiwasi hushika pasi yake ya kusafiria hata baada ya kumaliza kuulizwa. Mwenye kuumwa hushika mwenzake. Mwenye kiburi hashiki kitu, na huyo ndiye atakayepoteza begi. Mpaka leo siwezi kukaa Stratford kungoja treni bila kutazama mikono ya watu. Binti yangu huniambia niache, ananiambia kwa Kiingereza kama kawaida ya watoto wa huku, kwamba nawatisha abiria.

Sasa Venisi iliingiaje. Wateja wetu wa Ghuba walikuwa wakija London kiangazi, wakinunua walivyonunua, halafu wanataka kuendelea mbele. Paris ilikuwa rahisi, gari na gari. Ikaja Venisi, Italia. Bwana Nabil akabandika ramani ukutani, akanambia, "Huu mji hauna barabara." Niliona ananitia ujinga. Mji gani hauna barabara? Nikaisogelea ramani. Umekaa kama samaki, kweli, ana kichwa na mkia, na ndani yake maji yanapita kama mishipa. Nikauliza takataka zinachukuliwa na nini. Boti. Maiti? Boti. Mtu akinunua friji? Boti, halafu mkokoteni, halafu mgongo wa mtu. Sikulala vizuri kwa kufikiria hilo friji.

Mtu wetu wa kule alikuwa Marko, mtu wa makamo, baba yake na babu yake wote watu wa boti. Kiingereza chake na changu vilikuwa sawa kwa ubovu, ndiyo maana tulielewana. Mtu mwenye Kiingereza kizuri husema haraka. Sisi kila neno tuliliweka mezani tukalitazama. Nilikuwa namwuliza kila kitu. Kutoka mlango wa kutokea wageni mpaka gatini, kuna ngazi? Hakuna, ila ni mwendo, mwenye magoti mabovu atafutiwe kigari cha kusukumwa. Kuingia botini? Unateremka, na nahodha anakupa mkono wake umshike chini ya kiwiko, si kiganja. Ndani kuna viti vya ngozi na paa limekaa chini, mrefu ainame. Hoteli nyingi zina mlango wa majini na mlango wa nchi kavu, na wa nchi kavu mara nyingi una daraja lenye ngazi. Haya, Farida, hoteli zenyewe hazikwambii. Hukupelekea picha ya maua.

Jioni moja Marko akanambia leo boti haziwezi kupita njia ndogo za ndani, maji yamepanda, madaraja yamekuwa chini. Nikamwuliza, mwezi ukoje huko kwenu? Akatoka nje kutazama, akarudi akasema ni mpevu. Nikacheka peke yangu ofisini. Kumbe na wao wana bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Mtoto wa Pemba halipi ada kujifunza bamvua, maji yanakuja yenyewe mpaka mlangoni kukufundisha. Tangu hapo kabla ya kumpangia mtu Venisi nilikuwa natazama mwezi kwanza, halafu ndiyo natazama ndege. Bwana Nabil alidhani nahesabu siku za kufunga.

Visa havikukosekana. Kulikuwa na bwana mmoja, simtaji, aliyenipigia akiwa gatini, kakasirika. "Mimi nimeagiza gari jeusi."

"Bwana, huko gari haliendi."

"Wenyeji wanapita wapi?"

"Kwa miguu."

"Matajiri?"

"Na matajiri kwa miguu."

Akafikiri. "Basi hao si matajiri." Akapanda boti lakini hakunisamehe.

Na watu wetu wenyewe, Mungu awahifadhi. Unamwuliza, mizigo mingapi? Mmoja. Anafika na mmoja wake na ya watu sita. Maana mtu akisikika anasafiri, mtaa mzima unamletea salamu, na salamu kwetu zina uzito. Huyu bizari ya mwanawe, yule dawa ya mgongo. Boti za Venisi zina kiasi chake, Marko hawezi kuzidisha. Nikajifunza kuuliza vyengine. Siulizi tena mizigo mingapi. Nauliza, "Nani na nani wamejua kuwa unasafiri?"

Sasa Bi Raya.

Bi Raya ni mwenzetu wa Edmonton, mkubwa wangu kwa umri, mjane, magoti yote mawili mabovu, amefanya kazi ya kutunza wazee mpaka mwenyewe kawa mzee. Alikuwa na kaka yake mmoja, Mzee Nassor, anakaa Muscat. Waliachana utotoni, watu walipotawanyika baada ya Mapinduzi. Kaka alichukuliwa na ami yake, dada akabaki kwa bibi yao Pemba, akaja huku baadaye. Hawakuonana tena. Kwanza pasipoti, halafu watoto, halafu mke wa kaka kuumwa, halafu magoti. Walikuwa wakisemezana kwa simu Ijumaa, mpaka mtoto wa yule kaka, Harith, akapata safari ya Venisi, akaamua amchukue baba. Visa ya kuja London ilichelewa, ya Italia ikatoka. Harith akasema, shangazi ana pasipoti ya Uingereza, aje yeye. Watakaa siku mbili hoteli moja. Akatutia oda sisi, kwa sababu tulikuwa tunajulikana.

Bi Raya alikuja mwenyewe ofisini na visheti. Hakuuliza habari ya boti wala ngazi. Aliniuliza, "Nikimwona nianze na lipi?"

Nikamwambia, "Utaanza na salamu, Bi Raya."

"Salamu tumesalimiana maisha yetu yote," akasema. "Mimi nauliza baada ya salamu."

Nikamwuliza kama kigari cha kusukumwa atakitaka, akasema hakitaki, nikaandika anakitaka.

Siku yenyewe nilimwona akiruka. Maana yangu, kwenye ile skrini ya ndege, unaijua, vile vidude vya manjano, kila kimoja ndege. Kidude chake kilikuwa juu ya Ufaransa simu ikalia. Alikuwa Harith.

"Mama, shangazi keshapanda?"

"Yuko angani. Kuna nini?"

"Baba ameanguka asubuhi. Ni moyo. Wamemchukua kwa boti ya wagonjwa, niko naye hospitali. Wanampasua mchana huu, wakipata chumba." Akavuta pumzi. "Shangazi asijue. Tumekubaliana wote, na ami yake baba, yule aliyemlea, kasema hivyo hivyo kutoka Muscat. Mpelekeni hotelini, ale, alale kidogo. Nitamwambia mwenyewe jioni, baba akishatoka."

Nyinyi vijana mliozaliwa hapa mtashangaa, lakini ndiyo adabu yetu. Msafiri hapewi habari mbaya njiani. Hukaribishwa, hupewa maji, hukalishwa, halafu mkubwa mmoja husogea. Na mimi nimelelewa hivyo. Mama yangu alipofariki niliambiwa ana homa, njoo umwone. Nikanunua blanketi jepesi la kumfunika. Nimekaa nalo mapajani safari nzima, nafikiria kama rangi ile ataipenda. Nafika Wete, viti viko uani na wanaume wamekaa kimya. Walionificha walinipenda, sina ugomvi nao hata leo. Na mama alikuwa keshazikwa, hakuna nilichokosa ila kujua. Lakini wa Bi Raya alikuwa bado anapumua.

Nikamwuliza Harith, "Baba yako anazungumza?"

"Anazungumza. Kila saa anauliza dada kafika."

"Na nyinyi mnamjibu nini?"

"Yuko njiani."

"Kwa hivyo yeye anangoja, na anayengojwa hajui kama anangojwa."

Nikaendelea.

"Mwanangu, akitoka huko chumbani jioni, sawa. Na asipotoka?"

"Usiseme hivyo, mama."

"Sisemi mimi. Madaktari wamekwambia nini?"

Akasema, "Boti yake itapita hapa hapa. Nayaona maji dirishani." Halafu akasema, taratibu, "Ami atasema nimemwua shangazi kwa mshtuko."

"Ami mwambie boti imekosea njia. Mwambie ofisi ya London imetoa anwani siyo. Tutukaneni sisi, tumezoea."

Nilisikia kwa nyuma magurudumu yanapita na mtu anaita jina la Kitaliano.

"Mnaweza kukosea namna hiyo?"

"Tunaweza," nikamwambia.

Bwana Nabil alikuwa kasimama mlangoni. Kiswahili chake ni cha maneno machache, lakini uso wangu aliusoma. Nikamweleza. Akakunja uso. "Kampuni yangu haijapata kumpeleka mtu pasipo pake."

"Leo itampeleka."

"Mteja ni nani?"

"Aliyetoa oda ni Harith, na kakubali. Ami yao hajakubali."

"Sijauliza nani katoa oda. Nauliza nani atakaa ndani ya boti." Hakungoja nijibu. Akachukua simu zote nyingine, akazipeleka mezani kwake, akawa anazipokea yeye, na Kiarabu chake cha kukaripia wateja ninakisikia mpaka leo.

Nikampigia Marko. Akanambia kuna mambo mawili. Maji yamejaa, njia za ndani hazipitiki, hata hotelini ingebidi wazunguke kwa nje. Na mlango wa majini wa hospitali ni wa boti za wagonjwa tu, teksi ya majini haikaribii. Ila kando yake ipo gati ya abiria. "Nitampeleka binamu yangu asimame hapo na kigari," akasema. Halafu akaniuliza, "Bibi anajua?"

"Bado."

"Nani anamwambia? Nahodha wangu hana Kiswahili."

Ndipo nilipojua ni mimi.

Ndege ikatua. Nikangoja. Nahodha akapiga, akampa Bi Raya simu. Alikuwa mchangamfu, kanifurahia kama mtoto. Akanambia kijana alimnyoshea mkono, yeye akauzungushia ncha ya mtandio ndiyo akaushika, na kijana hakuuliza kitu. "Na chombo kizuri hichi, Mwanakombo, kina viti kama vya bibi harusi."

"Bi Raya, kaa kitako kwanza."

"Nimekaa."

"Maji yamejaa, mtazunguka kwa nje."

"Hilo huyu kijana kashanionyesha kwa mikono." Akaongeza, "Haya, sema la pili."

"La pili lipi?"

"Mimi nimekaa na wagonjwa na nimeosha maiti. Mtu akikwambia kaa kitako kwanza, lipo la pili."

Nikamwambia. Nililisema lote, moyo, hospitali, chumba cha upasuaji, na kwamba kaka yake anamwulizia. Sikuliremba. Nilisikia injini inaunguruma na maji yanapiga ubao.

"Anapumua?"

"Anapumua, na anasema."

"Basi mwambie huyu kijana aache kwenda kama anachunga ng'ombe."

Nikamwambia nahodha kwa Kiingereza changu. Halafu simu ikakatika, na hapo, Farida, ndipo nilipoona ubaya wa kazi hii. Ndege unaiona kwenye skrini, hata ikiwa juu ya bahari. Boti huioni. Nilisimama mbele ya ile ramani ya samaki, nimeweka kidole uwanja wa ndege, nakisogeza polepole kwenye maji kuelekea mgongoni kwa yule samaki, ilipo hospitali, kama vile kidole changu ndicho kinachomvuta. Bwana Nabil alinikuta hivyo. Aliniwekea kikombe cha chai dirishani, akatoka. Baadaye ukaja ujumbe wa Marko. Kafika. Kigari kakikataa. Anatembea.

Magharibi Harith akapiga. Mzee Nassor hakutoka salama.

Siku ya tatu ikaja simu ya Muscat, sauti ya mtu mzima, ami yao. "Nataka kujua nani alimpeleka bibi hospitali wakati imesemwa hotelini."

"Boti ilikosea njia, bwana."

"Boti zenu hukosea namna hiyo?"

"Mara moja moja."

Nilimsikia anapumua. "Alimkuta?"

"Alimkuta."

"Basi," akasema, "na iwe hiyo, imekosea." Akakata simu.

Bi Raya aliporudi nilikwenda kumpa mkono wa pole. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, khitma imesomwa, sufuria jikoni. Nilingoja mpaka wakapungua. Aliniita nikae naye kitandani, akanyosha miguu yake ile mibovu. Nikataka kumwuliza alianza na lipi baada ya salamu, nikaona vibaya kumwuliza mfiwa. Akanambia mwenyewe.

"Hatukusalimiana," akasema. "Kalazwa juu ya kitanda cha magurudumu, ukumbini, Harith kamshika mkono, wanangoja mlango ufunguliwe. Nikamwinamia. Kanitazama, kaniuliza, 'Raya, yule bata aliangua?'"

"Bata gani?"

"Siku aliyochukuliwa, bibi yetu alikuwa na bata analalia mayai uvunguni mwa kitanda. Nassor ndiye aliyekuwa akimpa maji. Wakampakia garini bata bado hajaangua."

"Na Ijumaa zote hizo kwenye simu hakukuuliza?"

"Atauliza vipi, mwanangu? Simu imewekwa katikati, watoto wake wanasikiliza, wajukuu wanasikiliza, yeye mzee mwenye heshima zake. Aulize habari ya bata?" Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Nikamwambia, kaangua. Akaniuliza, wote? Nikamwambia wote, ila yai moja. Akafumba macho. Nikadhani kaondoka. Kumbe anafikiri. 'Litakuwa lile la pembeni,' akanambia. 'Lilikuwa halipati joto. Nilikuwa nalisogeza kila asubuhi.' Ndipo mlango ukafunguliwa, wakamsukuma ndani."